Visigino vya Akina Shalhub

Kwanza ilisikika honi. Piii! Kikapita kimya. Piii! Kimya tena, halafu nyingine, ndefu, kama paka aliyekanyagwa mkia. Gari lenyewe lilikuwa bado limefichwa na kona za mlima, lakini Nazira hakuhitaji kuliona. Katika kijiji kizima cha Ayn Tuta alikuwapo mtu mmoja tu aliyepiga honi kila kona, hata kona isiyo na mtu wala kuku.

"Rafqa huyo," alisema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye sufuria kubwa ya shaba aliyokuwa akiikoroga uani. "Anavyopiga, utadhani analeta bibi harusi."

"Pengine anakuja kunichumbia mimi," alisema Shahin.

"Wewe? Akufanyie nini, shemeji? Akutundike ukutani karibu na watakatifu?"

"Mradi aniwashie mshumaa."

Shahin alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, kapera wa miaka sabini na moja, mwembamba kama ufito. Alikuwa ameketi na ubao magotini, akikatakata mafuta ya mkia wa kondoo vipande vidogo vidogo, na mara kwa mara kipande kimoja kilipotelea kinywani mwake. Kondoo huyo alikuwa amelishwa kwa mkono kiangazi chote, majani ya mforsadi konzi baada ya konzi, mpaka akawa hawezi kusimama bila kuegemea ukuta. Sasa alikuwa anageuka kawarma: nyama iliyokaangwa ndani ya mafuta yake yenyewe na kushindiliwa mitungini, ili theluji ikifunga njia watu wawe na kitu cha kuweka juu ya mkate. Hakuna aliyepika kawarma kama Nazira. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na hajatokea mtu wa kumbishia.

Tena siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya Msalaba. Jioni moto ungewashwa juu ya kilima, na kabla ya moto ukoo wote wa Shalhub ungekusanyika hapa uani kwa jambo lao la tangu enzi na enzi, yaani kushika kisigino.

Maana akina Shalhub walijivunia visigino. Koo nyingine zina mashamba ya mizabibu, nyingine zimetoa maaskofu. Wao walikuwa na ile kano ya nyuma ya mguu, nene kama kamba ya kufungia nyumbu, ambayo humwota Shalhub wa kweli utotoni au akiwa kijana. Walisema wameirithi kwa babu yao aliyepandisha mawe ya kanisa mgongoni kutoka bondeni. Mtoto akitimiza miaka sita, huoshwa miguu kwa maji ya waridi siku ya Msalaba, na mkubwa wa ukoo humshika kisigino mbele ya watu. Akikuta unene huita kwa sauti, "Shalhub!" Hapo ni vigelegele, ni pombe ya araki, ni bunduki za kuwindia kulia hewani. Asipokuta, humbusu mtoto kichwani na kusema, tutaangalia mwakani. Shahin aliangaliwa mwakani mpaka akaota ndevu. Hadi leo, jina lake katika ukoo lilikuwa Mgeni.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Naya, mjukuu wa Nazira. Na kwa kuwa wanaume wakubwa wa ukoo wenye visigino vinene walikuwa wametangulia mbele ya haki, mshikaji angekuwa Nazira mwenyewe. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kisigino cha Naya kilikuwa kinene tangu akiwa na miaka minne, hakikungojea mwaliko.

Gari lilifika, likazima kwa kukohoa. Rafqa akaingia uani na mkoba wake.

"Mama Tanios, Msalaba mwema."

"Na kwako, binti. Keti ule."

"Nimeshakula."

"Nani amekuuliza kama umekula?"

Rafqa akaketi, akapokea mkate uliokunjwa ukiwa bado unatoa moshi. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya bondeni, lakini alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, na Nazira ndiye aliyemtoa chawa kichwani alipokuwa mdogo. Kwa hiyo koti lake jeupe halikumtisha mtu.

"Naya yuko wapi?"

"Juu ya mti au juu ya paa. Popote palipokatazwa."

"Afadhali. Nataka tuzungumze hayupo." Rafqa alipangusa vidole. "Unakumbuka kambi ya watoto pale kanisani? Tuliwachoma kidoleni, tone moja tu, kuangalia mafuta yaliyomo katika damu. Kolesteroli. Salwa alikubali kwa simu."

Salwa alikuwa mama yake Naya, naye pia mtoto wa ukoo huohuo, maana marehemu Tanios, mwana wa Nazira na baba yake Naya, alikuwa ameoa kwa baba yake mdogo wa mbali. Tangu awe mjane alifanya kazi Doha, akirudi mara moja kwa mwaka na masanduku matatu.

"Amekubali akiwa Doha," alisema Nazira, "kidole kikiwa hapa."

"Watoto wote, kimashine changu kilinipa namba. Kwa Naya kilikataa. Kiliniandikia tu kwamba ni juu kuliko kinavyoweza kuhesabu. Nikasema kimeharibika. Nikajichoma mwenyewe, kikanipa namba yangu bila wasiwasi. Nikamchoma tena Naya, kikakataa tena."

Nazira aliacha kukoroga. Halafu, taratibu, uso mzima ukachanua.

"Kwa hiyo mjukuu wangu amekishinda!"

"Mama Tanios!"

"Hakijazoea mtoto aliyelishwa akashiba, hicho. Kimezoea hao wa bondeni wanaokunywa supu ya maji na majani."

Shahin alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Rafqa hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa kimashine chenyewe, kidogo kama kisanduku cha sabuni.

"Nipe kidole."

"Cha nini?"

"Unakula sufuria hiyohiyo anayokula Naya. Ama unaogopa?"

Hilo la kuogopa lilitosha. Nazira alinyoosha kidole kama anayemwonyesha mtu njia ya kutokea. Sindano ikachoma, tone likatoka, wakangoja. Rafqa akageuza kimashine amwonyeshe.

"Safi. Kama ya msichana."

"Nilikuambia. Ni kawarma hiyo."

"Haya, Babu Shahin."

Shahin akatoa kidole kilichong'aa kwa mafuta, ikabidi kioshwe mara mbili. Walipongoja, Nazira alisema, "Huyo ndiye kabisa. Tangu alfajiri anakula mafuta mabichi kama fisi. Mashine itapasuka."

"Hii ni nzuri kuliko yangu mimi," alisema Rafqa.

"Uchumba umeanza vizuri," alisema Shahin.

"Basi sikilizeni." Rafqa alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisikika kama muuguzi, si kama mtoto wa jirani. "Sufuria ni moja, mkate ni mmoja. Ninyi wawili damu yenu safi, na mtoto wa miaka sita kimashine kinashindwa kumhesabu. Chakula kinachangia, lakini si sufuria iliyomfanya hivi. Amezaliwa nayo. Ini lake halijui kuyaondoa mafuta, basi yanabaki ndani ya mishipa, yanaibana. Yakizidi, yanatafuta mahali pa kukaa. Kwenye viwiko. Kwenye vidole." Akasita. "Nyuma ya visigino."

Mafuta yalitokota katika sufuria. Nazira alimtazama kama mtu aliyesikia matusi kanisani.

"Toka nje."

"Tuko nje tayari," alisema Shahin kwa upole.

"Nyamaza, Mgeni!"

"Mama Tanios, nakuuliza swali moja tu, halafu nitatoka niende hata barabarani. Katika ukoo huu, mwenye kisigino kinene, nani amewahi kufika miaka sitini?"

Nazira alifungua kinywa kujibu, maana hakuna swali lililomkuta bila jibu. Majina alikuwa nayo tele. Mikhail, mume wake, alikufa kwa huzuni, mwaka ule vita vilipowachukulia nyumbu na bustani ya tufaha. Yusuf, ndugu yake Mikhail, alikufa kwa hasira, katikati ya ugomvi wa mpaka wa shamba, kidole kikiwa bado kimemwelekea jirani. Na Tanios, Tanios wake, alikufa kwa furaha. Alikuwa anaongoza mstari wa ngoma ya dabke kwenye harusi ya binamu yake, anazungusha leso, anapiga mguu chini na ardhi inaitika, miaka thelathini na moja. Akaanguka akiwa anatabasamu.

"Akina Shalhub hufa kwa hisia," alisema. "Kila mtu anajua. Mioyo yao ni mikubwa."

"Hata mimi nimewahi kupata huzuni," alisema Rafqa. "Na hasira. Na furaha pia, mara mojamoja. Mbona nipo?"

Akarudisha kimashine mkobani.

"Kesho yupo daktari wa watoto wa ugonjwa huu, hospitali ya Beirut. Nimemwombea Naya nafasi. Aende asubuhi bila kula kitu. Akikosa kesho, ni mpaka theluji iyeyuke, na mimi sitakuficha: sidhani ni mtoto wa kungoja theluji. Dawa zipo. Zikishindwa, kuna mashine inayochuja damu yenyewe. Lakini awahi. Na hao watakaokuja jioni na watoto wao, nataka niwapime wote, hata wenye visigino vyembamba. Kisigino huchelewa kusema, damu inasema mapema."

"Unataka nisimame mbele ya akina Shalhub, siku ya Msalaba, niwaambie fahari yao ni ugonjwa? Nani atawaoa mabinti zao?"

"Waulize wajane wao," alisema Rafqa. Mara akaona ameyatamka mbele ya nani, akainuka, akambusu Nazira begani. "Nisamehe. Nitarudi jioni. Ukinifukuza mbele ya watu, nitapiga honi kutoka hapa mpaka Zahle."

Alipoondoka, Nazira alikoroga kwa nguvu kana kwamba kawarma ndiyo iliyomtukana. Shahin hakula tena kipande. Mafuta yalipoiva na kutiwa mitungini, jua likiwa limeshapita juu ya bonde, Nazira alienda ukingoni mwa ua akamwita mtoto.

Naya alitokea chini kabisa, kwenye ngazi za mawe zinazopanda kutoka bustanini, magoti meusi, nywele zimejaa majani. Alianza kupanda mbiombio. Katikati ya ngazi akasimama, akaketi, akashika kifua kwa mikono miwili.

Siku zote alifanya hivyo. Na siku zote Nazira alimtania kutoka juu: unapumzika, bibi kizee? Mvivu kama baba yako! Kweli, Tanios naye alipenda kuketi kwenye jiwe lilelile. Leo hakumtania.

"Unafanya nini hapo?" aliita.

"Nangoja moyo wangu," alijibu Naya. "Umebaki chini, unakuja polepole."

Shahin, aliyekuwa akiosha kisu, alikiweka chini. Nazira hakumtazama, kwa kuwa alijua angemwona anamtazama.

Alileta beseni, akatia maji ya waridi, akamkalisha mtoto kwenye benchi. Alimsugua mguu wa kwanza, akamsugua wa pili, na mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya kisigino. Kilikuwa pale. Kigumu, kinene, cha Mikhail kabisa. Alikumbuka siku alipokigusa kisigino cha Tanios akiwa na miaka kumi na mitano, akimkanda mguu baada ya mpira, akakuta unene umeanza. Alitoka mbio mpaka barabarani bila viatu, akawaita majirani, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka siku mbili. Alikuwa mke wa kuletwa, na hilo lilimpa ushindi: amewazalia Shalhub wa kweli. Alishangilia. Mungu wangu, alishangilia!

"Bibi, kinatosha?" aliuliza Naya. "Wale pacha Ghattas na Ghanem wanasema vyao vitakuwa vinene kushinda changu."

"Kinatosha," alisema Nazira. "Kinatosha na kuzidi."

Jioni ua ulijaa. Wa kwanza kufika, kama kawaida, alikuwa Butros, mtoto wa marehemu Yusuf, mwanamume mpana mwenye masharubu ya kutundikia kofia. Alikuwa amevaa kandambili ingawa baridi ilikuwa imeanza kushuka. Miaka yote alivaa viatu vya wazi siku ya Msalaba, watu wapate kuona. Nyuma yake walikuja wanawe pacha, Ghattas na Ghanem, wakisukumana.

"Mama mkubwa! Kawarma yako imenipiga puani nikiwa kona ya kwanza!"

"Ungekuja kwa miguu, ungeipata baridi."

"Na baba mdogo hajambo? Bado unaishi, Mgeni?"

"Nangoja ruhusa yako," alisema Shahin.

Rafqa aliingia kimya, akasimama karibu na mlango na mkoba wake. Nazira alimwona. Hakumfukuza. Watu walipomaliza kusalimiana na kutaniana, Naya alipandishwa juu ya benchi, akavuta gauni lake jipya, akanyoosha mguu kama malkia anayevishwa kiatu. Nazira alipiga magoti, akakishika kisigino, na akina Shalhub wakavuta pumzi tayari kwa vigelegele.

Neno halikuja.

"Kinene," alisema Nazira. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Kinene kama cha Tanios. Kinene kama cha Yusuf na cha Mikhail. Sasa niambieni ninyi, wako wapi?"

Watu walitazamana. Butros alicheka cheko la mtu asiyeelewa utani.

"Mama mkubwa, moshi wa kawarma umekupanda kichwani?"

"Hakuna moshi. Ninayoyashika haya ni mafuta, Butros. Mafuta ya damu yaliyokosa njia. Yanakaa kwenye kisigino mnayaona, mnayapigia vigelegele. Yanakaa kwenye mishipa ya moyo hamyaoni, mnakuja kunipa pole. Mtoto huyu anashindwa kupanda ngazi za bibi yake. Kesho nampeleka Beirut. Na leo, kabla ya moto, kila mmoja wenu atampa Rafqa kidole. Wakubwa na wadogo."

"Alama ya babu zetu ni mafuta?" Masharubu ya Butros yalikuwa yanatetemeka. "Babu alipandisha mawe ya kanisa!"

"Na nyumbu wake aliyapandisha. Umewahi kuona watu wakimshika nyumbu kisigino?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Uso wa Butros ukawa mwekundu.

"Nakuheshimu, mama mkubwa, lakini wewe ni mke wa kuletwa. Damu hii si yako. Mwenye ukoo ndiye wa kusema."

Lilimchoma. Lilimchoma kuliko sindano yoyote, na Nazira, ambaye hakukosa jibu maishani, alibaki na mkono wake kwenye mguu wa mtoto. Ndipo Shahin alipoinuka. Alivua kiatu, akavua soksi bila haraka, akapandisha mguu wake mkavu juu ya benchi kando ya ule wa Naya. Kijijini kwao, mtu akitukanwa mbele ya watu hujibu kwa beti, na Shahin alikuwa na koo la kazi hiyo. Akaimba:

*Mlicheka kisigino, mkaniita mgeni,*
*Changu chembamba mfano, cha kuku wa masikini,*
*Wenye vinono vya mno, wamelala udongoni,*
*Mimi bado nina meno, natafuna kwa makini.*

Uani palilipuka. Wanawake walipiga makofi, vijana wakapiga miluzi, hata Butros tabasamu lilimponyoka chini ya masharubu. Shahin aliwaacha wacheke mpaka mwisho. Halafu, kicheko kilipokuwa kinatulia, alisema kwa sauti ya kawaida:

"Nilipokuwa mtoto nilitia sufi ndani ya soksi, hapa nyuma, nionekane na mimi ninacho. Mama alinikuta, akalia. Yusuf alinipigania shuleni na walioniita wa kuokotwa. Mikhail aliniambia, chukua nusu ya changu. Ningeweza kumpa nusu ya changu leo, Butros, angekuwa ameketi pale, anakutukana yeye mwenyewe. Mimi ndiye mwenye ukoo. Nimebaki peke yangu wa rika langu, bila kujua kwa nini mimi, na kwa kweli nimechoka kuzika. Toa kidole."

Butros alitazama mguu wake mwenyewe ndani ya kandambili, kama mtu anayemwona mgeni mlangoni. Akaenda kwa Rafqa.

"Siogopi sindano," alimwambia. "Siipendi tu."

"Fumba macho basi usiione."

Alifumba, na alipochomwa alipiga yowe dogo ambalo wanawe watamkumbusha mpaka azeeke nalo. Kimashine kilifikiri, kikatoa namba. Rafqa alimwonyesha bila kuipigia kelele, akamwambia naye ashuke zahanati wiki hiihii, na kwamba kwa mtu mzima bado lipo la kufanya, tena kubwa, na sigara aanze kuziaga leo. Ghattas aliyefuata alikutwa salama. Ghanem, aliyezaliwa nyuma yake kwa dakika chache, alikutwa na mafuta mengi, ingawa kisigino chake kilikuwa chembamba kama cha ndugu yake.

Butros alikaa chini, palepale kwenye mawe. Nazira alimletea maji, akaketi kando yake.

"Mama mkubwa," alisema Butros, akitazama glasi. "Siku ile ilikuwa harusi yangu. Mimi ndiye niliyemvuta Tanios aongoze dabke. Alisema amechoka, nikamwambia leo ukinikatalia hunipendi. Miaka yote watu wanasema kafa kwa furaha, na furaha ilikuwa yangu."

Nazira hakuwa anajua. Miaka yote alimwona akiitikia salamu zake kwa kelele nyingi kuliko zilizohitajika, akadhani ni majivuno.

"Haikuwa furaha yako, mwanangu," alisema. "Liondoe hilo moyoni, halikuwa lako kulibeba. Kunywa maji. Na kesho kutwa unashuka zahanati, la sivyo nitakuja kukubeba, na wewe ni mzito."

Foleni ilisonga. Waliochomwa walinyonya vidole na kuwatisha waliokuwa bado. Bibi mmoja wa miaka themanini, mke wa kuletwa kama Nazira, alidai achomwe mara mbili kwa kuwa namba ya kwanza ilimpendeza. Juu ya kilima vijana walianza kurundika kuni. Na Naya, ambaye hakuna aliyemkumbuka, alikuwa bado juu ya benchi, miguu yake imekauka, gauni jipya limeanza kujikunja. Kidevu kilikuwa kinatetemeka.

"Bibi, hukuita."

"Sikuita nini?"

"Shalhub. Hukuita. Mimi ni mgeni?"

"Karibu ugenini," alisema Shahin. "Kuna nafasi nyingi, tuko wawili tu."

Naya hakucheka. Nazira alimshusha kutoka benchini, akampakata, mzito na mwenye harufu ya waridi na majani.

"Wewe ni Naya binti Tanios," alisema. "Hilo halihitaji mtu akushike mguu."

"Kesho nitachomwa tena?"

"Utachomwa."

"Kidoleni?"

Nazira alimtazama Rafqa. Rafqa aligusa kwa ndani ya kiwiko.

"Mkononi, hapa. Sindano kubwa kidogo."

"Mara moja?"

Nazira angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, na watu walikuwa wanasikiliza. Alilimeza.

"Hapana, roho yangu, si mara moja. Pengine mara nyingi. Sasa nisikilize vizuri, nakuahidi mbele ya hawa wote, na Butros awe shahidi kwa kuwa bado hajaweza kusimama. Kesho utashinda na njaa, nami nitashinda na njaa, sitaonja hata mkate mpaka uonje wewe kwanza. Ukilia, sitakuambia nyamaza. Dawa wakikupa chungu, nitailamba kabla yako na nitawaambia madaktari hadharani kwamba ni chungu. Wakisema urudi kila baada ya wiki mbili, tutashuka Beirut kila baada ya wiki mbili, barabara ikifungwa tutashuka kwa nyumbu. Na ukiniuliza kama itauma, nitakuambia kweli. Naapa, Naya. Kila mara nitakuambia kweli."